Jezi Mbili, Magoti Yale Yale

Kwa miaka mingi nilicheza mpira wa kikapu chini ya makocha wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa kocha wa chuo, Marekani, niliyekuwa naye karibu kila siku tangu Septemba hadi Machi. Mwingine alikuwa kocha wa timu ya taifa, aliyenipata kwa wiki chache za katikati ya mwaka, vyuo vikifungwa. Wote wawili walinijali na wote wawili walikuwa na daftari lenye jina langu, ila la huyu halikuwa na habari za lile la yule. Kocha wa chuo hakujua nimecheza dakika ngapi mwezi wa saba. Kocha wa taifa hakujua kwamba nilimaliza msimu nikilala na barafu gotini. Aliyejua yote hayo ni mtu mmoja tu, mchezaji mwenyewe, binti wa miaka ishirini ambaye hakuna aliyemfundisha kwamba kujua huko ni kazi yake.

Naandika haya kwa mabinti ambao sasa hivi wanapigiwa simu na chuo na shirikisho kwa wakati mmoja, na kwa wazazi wao. Mtaambiwa habari za fahari ya jezi ya taifa, na ni kweli ipo. Mpaka leo wimbo wa taifa ukipigwa kabla ya mechi mwili unanisisimka. Mtaambiwa habari za ufadhili wa masomo, na huo nao ni neema kubwa. Namna ya kuishi katikati ya jezi hizo mbili ndiyo sikuwahi kuambiwa na mtu.

Nianze na uwanjani, maana huko ndiko nilikoshtuka kwanza. Mtazamaji huona mchezo ni mmoja: mpira namba 6, ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni, watano kwa watano. Lakini vyuo vya Marekani vina kanuni zao, na FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu ambalo kanuni zake hutumika kwenye mechi za timu za taifa, ina zake. Nilipoingia chuo mwaka 2013, mechi za wanawake vyuoni zilikuwa bado na vipindi viwili vya dakika 20. Robo nne za dakika 10, ambazo timu za taifa zilikuwa zimeshazizoea, zilifika vyuoni msimu wa 2015–16. Chuoni tulipewa sekunde 30 za kushambulia, FIBA wanatoa 24. Chuoni tulikuwa na sekunde 10 za kuvusha mpira nusu ya uwanja, na hata hiyo ilikuwa kanuni mpya iliyoanza msimu wangu wa kwanza. FIBA wanakupa 8. Na ukiokota ribaundi ya kushambulia, yaani mpira uliotupwa na timu yako ukakosa kuingia, kwenye mechi ya FIBA, saa inarudishwa 14 tu.

Kwenye karatasi sekunde sita hazitishi. Uwanjani zinabadilisha aina ya mchezaji anayehitajika. Chuoni pointi gadi wetu, mwongoza mashambulizi, alivuka nusu bila haraka, akainua vidole kuita mpango, tukajaribu upande wa kulia, ukizibwa mpira ukarudi juu na kuhamia kushoto. Kila mtu alijua atakuwa wapi. Kwenye timu ya taifa ukivuka nusu umeshabakiwa na sekunde kumi na kitu, upande wa kulia ukizibwa hakuna tena nafasi ya kupanga upya, na yeyote aliyeshika mpira wakati huo ndiye anayeamua. Mimi nilikuwa mchezaji wa pembeni niliyezoea kuandaliwa mpira nikaumalizia. Ikabidi nijifunze kuumba shambulio mwenyewe kutoka kwenye hali iliyovurugika: mpira mkononi, saa inaonyesha sita, mlinzi yuko kifuani.

Hata taimauti, mapumziko mafupi ya kusimamisha mchezo, ina mambo yake. Vyuoni mchezaji mwenye mpira anaweza kuiomba kwa refa akiwa uwanjani. Kwa FIBA ombi linatoka benchi. Nimemwona mwenzangu, binti mwenye kipaji kikubwa aliyetokea moja kwa moja kwenye msimu wa chuo, amebanwa kona na walinzi wawili, amekumbatia mpira na kumlilia refa, "Taimauti! Taimauti!" Refa alimtazama tu huku akihesabu sekunde tano kwa mkono, kisha akapuliza filimbi na kuwapa wapinzani mpira. Tulikuwa mbele kwa pointi moja. Hakuna aliyemlaumu, maana nusu ya timu tungefanya vile vile. Siku iliyofuata kapteni alitukalisha wote tuliotoka vyuoni akatusomea tofauti za kanuni moja baada ya nyingine. Laiti kikao kile kingefanyika siku ya kwanza ya kambi.

Kisha kulikuwa na mstari wa pointi tatu. Wakati wangu mstari wa vyuo kwa wanawake ulikuwa mita 6.32, wa FIBA mita 6.75. Sentimita 43. Msimu ukiisha, mwezi wa nne, nilikuwa nachukua utepe mweupe tunaofungia vifundo vya miguu, napima kuanzia sakafuni chini ya katikati ya ringi, nabandika vipande vifupi kuzunguka tao, kisha natupa mpaka ukumbi ufungwe. Siku za mwanzo mipira yote inafia mbele ya ringi. Kishawishi ni kuongeza nguvu ya mkono, na ukikifuata kishawishi hicho unaharibu mtupo uliojengwa kwa miaka. Nguvu inapaswa kutoka chini. Unapokea pasi magoti yakiwa tayari yamekunjwa, badala ya kupokea umesimama wima ndipo ukunje, na mkono unabaki kufanya kilekile ulichozoea. Nilipolielewa hilo, hata mitupo yangu ya karibu ilitulia. Tangu msimu wa 2021–22 vyuo navyo vimehamia mita 6.75, kwa hiyo mabinti wa sasa hawana haja ya utepe wangu. Magoti yaliyokunjwa bado wanayahitaji.

Tofauti iliyoniuma kuliko zote haikunigusa mimi mwenyewe. Kwenye kambi yangu ya kwanza ya taifa alikuwepo binti Mwislamu, mlinzi mwepesi mwenye mikono ya haraka, aliyecheza tangu shuleni akiwa amejistiri kichwa. Kocha alimwita akitumaini kwamba ruhusa maalumu ingepatikana. Alifanya mazoezi nasi mpaka siku ya mwisho, akatusaidia kufunga mabegi, na basi lilipoondoka yeye hakupanda, kwa sababu kanuni za FIBA wakati ule zilikataza vifuniko vya kichwa kwenye mechi. Vyuoni Marekani hali ilikuwa tofauti. Bilqis Abdul-Qaadir alikuwa ameshacheza daraja la kwanza la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, akiwa na hijabu, kwanza chuo cha Memphis, kisha Indiana State. Alipomaliza chuo na kutaka kucheza kwa malipo nje ya nchi, akakutana na kanuni hiyohiyo ya FIBA. Alipigania haki hiyo hadharani, na wengine wengi pamoja naye. Mei 2017 FIBA ikaibadilisha kanuni, na mabadiliko yakaanza kutumika Oktoba mwaka huo. Mwenzangu akaitwa tena kambini mwaka uliofuata. Siku aliyokabidhiwa jezi aliikunja vizuri, akaiweka kwenye begi, dakika chache baadaye akaitoa na kuikunja upya. Tulimwacha afanye hivyo kadiri alivyotaka.

Sasa kuhusu nafasi ya mtu kwenye timu, jambo ambalo nimeona likivunja urafiki na hata kuua vipaji. Chuoni, kufikia mwaka wa pili, nilikuwa mmoja wa wafungaji wakuu. Mipango mingi ya kocha ilimalizikia mikononi mwangu. Nikaenda kambi ya taifa nikidhani nitakuta kiti hichohicho kinanisubiri, nikakuta wafungaji watatu walionizidi umri, nguvu na ujanja. FIBA inaruhusu majina 12 tu kwenye mashindano, na kambini tulikuwa wengi zaidi ya hapo. Jioni moja kapteni alinikuta nimekaa peke yangu nikifungua viatu taratibu. Alikuwa ameshacheza mashindano mengi kuliko yeyote pale.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wafungaji hapa tunao. Ambaye hatuna ni mtu wa kumnyima usingizi mfungaji wao. Unaweza?"

"Naweza, dada."

"Basi usihesabu pointi zako. Hesabu zake."

Nilikubali kwa mdomo siku ile. Moyo ulichukua muda kufuata. Kumfuata mfungaji bora wa timu pinzani kwa robo nne ni kazi isiyoonekana kwenye takwimu za siku. Unapigana na skrini baada ya skrini, yaani wapinzani wanaosimama kukuzibia njia, mabega yanachubuka, na mwisho wa mechi mbele ya jina lako kunaandikwa pointi mbili na faulo nne. Lakini niligundua kitu ambacho kilibadilisha hata mchezo wangu wa chuo. Ukishamkaba mfungaji mahiri kwa wiki mbili unajua anachokichukia. Anachukia mlinzi anayemfikia kabla mpira haujamfikia. Anachukia kusukumwa hatua moja nje ya eneo analolipenda. Anachukia mkono unaobaki juu hata baada ya kudanganywa. Niliporudi chuoni nilianza kujilinda na mambo hayohayo: nilijitafutia nafasi kabla pasi haijaondoka, na nikajizoeza kutupa nikitokea sehemu nisizozipenda. Kocha wangu wa chuo aliuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia nimefundishwa na watu niliowakaba.

Kambi ya taifa ni fupi mno kujenga kitu kipya. Chuoni unakaa na watu walewale miaka minne. Unajua kwa mlio wa viatu kwamba mwenzako amekata nyuma yako. Timu ya taifa inakutanisha watu kutoka vyuo na klabu tofauti, mnapewa siku chache, halafu mnaingia mashindanoni kucheza karibu kila siku. Ndiyo maana kinachobebeka kutoka timu hadi timu si ile mipango mirefu. Ni tabia. Kuongea wakati wa ulinzi, kwa sauti, mapema, kwamba skrini inakuja kushoto. Kurudi nyuma mbio mpira ukipotea. Kumzuia mtu wako kwa mgongo kabla ya kuutafuta mpira wa ribaundi. Na mtupo huru: mstari wake uko mita 4.6 hivi, chuoni na kwenye FIBA, hakuna anayekuzuia, na ukiwa na desturi yako ya kupumua na kudunda mpira unaweza kwenda nayo popote duniani.

Tazameni Nigeria kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Wengi wa mabinti wale wamepitia vyuo vya Marekani, vyuo tofauti, miaka tofauti. Kocha wao, Rena Wakama, mwenyewe alichezea chuo cha Western Carolina, Marekani, kabla ya kuivalia jezi Nigeria. Tarehe 29 Julai, mjini Lille, waliifunga Australia 75–62, wakaja wakaifunga Canada 79–70, wakawa timu ya kwanza ya mpira wa kikapu kutoka Afrika, wanaume kwa wanawake, kufika robo fainali ya Olimpiki. Nilizitazama mechi zile nikiwa nimesimama. Niliyoyaona ni mabinti kumi na wawili wenye tabia moja ya kubana uwanja mzima, dakika zote, akichoka huyu anaingia mwingine na ubanaji hauyumbi. Ezinne Kalu alifunga pointi 19 dhidi ya Australia na bado alikuwa akimkimbiza mwenye mpira mpaka mwisho. Hiyo hutaifundisha kambini ndani ya wiki mbili. Lazima mtu afike nayo.

Masomo nitayapitia haraka, si kwa udogo wake bali kwa sababu kanuni zake ziko wazi. NCAA inakutaka ukamilishe asilimia 40 ya shahada yako kabla ya mwaka wa tatu, asilimia 60 kabla ya wa nne, asilimia 80 kabla ya wa tano, la sivyo huchezi. Kambi ikigongana na mitihani, zungumza na mwalimu wa somo kabla ya kusafiri, kwa maandishi, ukiwa na barua ya shirikisho mkononi. Na kwa familia zinazoishi nje zenye binti anayestahili pasi ya nchi mbili: FIBA inaangalia kama mchezaji aliipata pasi ya nchi husika kabla ya kutimiza miaka 16. Akiipata baadaye anaweza kuhesabiwa kama mchezaji aliyepewa uraia, na timu inaruhusiwa mmoja tu wa aina hiyo. Nimeona binti mwenye mama mzaliwa kabisa wa nchi yetu akikosa mashindano kwa karatasi zilizocheleweshwa. Shughulikieni mapema.

Nifike kwenye goti.

Mwaka wa mchezaji wa jezi mbili huenda hivi. Mazoezi ya chuo yanaanza rasmi vuli, mechi zinaanza Novemba na kuendelea hadi Machi. Aprili ni mazoezi ya vikundi vidogo na kunyanyua vyuma. Juni kambi ya taifa, Julai na Agosti mechi, kisha darasani tena. NCAA ina kanuni ya kuwalinda wachezaji: wakati wa msimu mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki wala saa 4 kwa siku, na lazima kuwe na siku moja ya mapumziko kila wiki. Ina matundu yake, kwa mfano siku ya mechi inahesabiwa saa 3 hata kama imekula siku nzima, lakini angalau ipo. Kambini kwetu hakukuwa na hesabu yoyote. Mazoezi asubuhi, mazoezi jioni, na kocha aliyepewa muda mfupi anautumia wote. Simlaumu, alikuwa na wiki chache za kuijenga timu. Lakini ukiunganisha kalenda zile mbili, pumziko halipo.

Katikati ya 2016, kwenye mechi ya kirafiki, robo ya tatu, nilipokea pasi pembeni, nikamdanganya mlinzi kulia na kukata kushoto. Hakuna aliyenigusa. Mguu ulikita sakafuni, goti likaingia ndani, nikasikia mlio mkavu ndani ya goti lenyewe. Maumivu yalikuja kwa sekunde chache kisha yakapungua, na hilo ndilo linalodanganya wengi. Nilisimama, nikajaribu hatua moja, goti likatoka mahali pake. Kapteni alinidaka kabla sijaanguka. "Usikanyage tena," alisema. "Tulia hapa, mdogo wangu." Pembeni mwa uwanja hakukuwa na daktari. Kulikuwa na sanduku la huduma ya kwanza lenye dawa ya kupuliza na bandeji.

Ilikuwa ile kano ya katikati ya goti ambayo wachezaji wote wanaiita ACL. Katika mpira wa kikapu wanawake huichana kwa zaidi ya mara mbili ya wanaume, na mara nyingi bila kuguswa na mtu: kwenye kutua, kusimama ghafla au kugeuka. Goti linaloingia ndani wakati wa kutua, nyonga isiyo imara, misuli ya nyuma ya paja iliyo dhaifu kuliko ya mbele, na uchovu juu ya hayo yote, ni mchanganyiko mbaya. Nilipozisoma habari hizo kitandani nilikasirika, kwa sababu kinga yake inajulikana. Mazoezi ya dakika 15 au 20 ya kupasha mwili, yenye kuruka na kutua kwa usahihi, kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha nyonga na paja la nyuma, yakifanywa kila wiki bila kuruka, hupunguza majeraha haya kwa kiasi kikubwa. Hayahitaji mashine wala fedha. Yanahitaji kocha anayeamini kwamba dakika hizo si za kupoteza.

Kisha ikaja habari ya bima. Bima ya chuo ilihusu mazoezi na mechi za chuo. Ya timu ya taifa ilikuwa ahadi ya mdomo. Kwa wiki kadhaa pande mbili zilitumiana barua pepe juu ya goti langu, kila upande ukieleza kwa adabu kwa nini upande wa pili ndio unaohusika, nami nikiwa na magongo. Lilimalizika vizuri, upasuaji ukafanyika. Ila nawaambia wazazi: kabla binti hajapanda ndege kwenda kambini, ombeni karatasi ya bima yenye jina lake, tarehe za kambi na kiwango kinacholipwa. Mkiambiwa ipo, ombeni kuiona.

Kano ile haishonwi tu ikapona. Daktari mara nyingi huchukua kipande cha kano nyingine, ya mbele ya goti au ya nyuma ya paja, akaijenga upya. Wiki za kwanza kazi yako ni mambo mawili yanayoonekana madogo mno: kulinyoosha goti mpaka mwisho, na kuuamsha msuli wa mbele ya paja ambao umelala kabisa. Nakumbuka nikiutazama msuli ule na kuuamuru ukaze, nao haukutikisika. Mtaalamu wangu wa viungo, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, alikaa nami sakafuni mpaka ulipotikisika, akaandika saa na dakika kwenye karatasi yake, akasema tutaendelea kesho.

Ni yeye aliyenionyesha tatizo lenyewe. Mwezi wa tatu au wa nne hivi wa matibabu aliandika ubaoni majina ya miezi 12 akanipa kalamu nyekundu. Akasema nifute miezi yote niliyokuwa na mechi au mazoezi ya mara mbili kwa siku mwaka uliotangulia. Ulibaki Mei, mwezi wa mitihani. Akauliza nani mwingine amewahi kuiona kalenda hii ikiwa nzima. Sikuwa na jina la kumtajia.

Wakubwa nao yanawafika. Breanna Stewart, baada ya mataji manne ya NCAA mfululizo na UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, 2013 hadi 2016, alicheza mwaka 2018 msimu mzima wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, akawa mchezaji bora na bingwa, mwezi huohuo wa Septemba akaingia Kombe la Dunia Hispania akawa mchezaji bora huko nako, kisha akaenda kuchezea klabu ya Urusi. Aprili 2019, kwenye fainali ya EuroLeague, mashindano ya klabu za Ulaya, kano yake ya kisigino ikakatika, akakosa msimu mzima wa WNBA. Alirudi na akashinda tena, na namheshimu sana kwa hilo. Ila nikiuangalia ule mfululizo wa miezi naukumbuka ule ubao wangu.

Wakati wangu NCAA ilimpa mchezaji miaka mitano ya kucheza misimu minne, kwa hiyo nilikaa nje msimu wa 2016–17 bila kupoteza wa mwisho. Sikurudi kwa hamu, nilirudi kwa vipimo. Angalau miezi tisa ipite. Mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mzima. Kuruka kwa mguu mmoja, mara moja, mara tatu mfululizo, kwa umbali unaolingana kulia na kushoto. Mwezi wa saba baada ya upasuaji nilijisikia mzima kabisa na shirikisho likapiga simu kuulizia. Mtaalamu wangu alinipima, namba zikakataa, nikawaambia hapana. Lilikuwa neno gumu kuliko yote niliyowahi kuliambia benchi la taifa, na aliyelipokea alinyamaza muda mrefu kwenye simu kabla ya kusema, "Sawa, binti yangu. Tutakusubiri."

Tangu hapo nimekuwa na daftari langu. Njia yake ni rahisi na makocha wa viungo wanaitumia sehemu nyingi: chukua dakika za mazoezi, zidisha kwa namba ya ugumu ulioupata, kati ya 1 na 10. Mazoezi ya dakika 90 yenye ugumu wa 6 ni 540. Unajumlisha wiki, unalinganisha na wiki zilizotangulia, na unachoogopa ni kupanda kwa ghafla. Wiki ya mwisho ya mapumziko mtu ana 800, wiki ya kwanza ya kambi anarushwa hadi 4,000. Hapo ndipo watu wanaumia. Kabla ya kambi ya 2018 nilimtumia kocha wa taifa jumla za wiki zangu za miezi miwili. Nilitegemea aone najidekeza. Alizisoma, akaniondoa kwenye mazoezi ya asubuhi wiki nzima ya kwanza, halafu akawaomba wachezaji wengine nao walete za kwao. Wengi hawakuwa nazo. Mashindano yalipoanza mimi na wale wachache tulikuwa bado na miguu kwenye robo ya nne ya mechi ya mwisho.

Sichezi tena kwa ushindani. Huwa wananijia mabinti wanaojiandaa kwenda kambini, wengine na mama zao, na tunaanza na daftari: wiki sita zilizopita, hata kwa kukadiria. Tunapitia tofauti za kanuni. Tunaiangalia karatasi ya bima. Kisha namwomba binti namba mbili za simu, ya mtaalamu wa viungo wa chuo chake na ya daktari wa timu ya taifa. Ya kwanza kwa kawaida anayo. Ya pili kwa kawaida hana, na kazi yetu ya siku hiyo inakuwa kuitafuta.